Anza na "Ila": Kutafuta Msaada wa Afya ya Akili Ukiwa Mgeni Uingereza

Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Ndivyo tulivyolelewa. Hata mwenye mgonjwa ndani haanzi na ugonjwa: "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mama hajainuka kitandani tangu juzi." Jambo lenyewe linakaa nyuma ya "ila", na anayekusalimu analijua hilo, kwa hiyo anatulia, anakusubiri ufike.

Daktari wa Uingereza hatakusubiri. Si roho mbaya. Miadi yake kwa kawaida ni dakika 10, na nje kuna watu wamekaa. Anakuuliza hali, unajibu salama, tunamshukuru Mungu. Unaanza na kichwa kinachouma, unapitia mgongo, na unapoikaribia "ila" yako yeye ameshainuka kitini. Majira yangu ya kwanza ya baridi huku nilitoka hivyo mara mbili, na vidonge vya maumivu mkononi. Wakati huo nilikuwa napata usingizi wa masaa matatu tu kwa usiku, na ndani ya basi la kwenda kazini machozi yalikuwa yananitoka bila kujua nalilia nini. Mara ya tatu nilikwenda na karatasi. Sentensi ya kwanza niliyoiandika ilianza na "ila".

Nakuandikia wewe uliyefika karibuni: uliyekuja kutunza wazee, uliyekuja kusoma, uliyemfuata mwenzi wako, uliyeomba hifadhi na sasa unahesabu siku katika chumba cha hoteli. Nazungumzia England; Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Msaada upo, na sehemu kubwa yake ni bure. Unachelewa kutufikia kwa sababu tunauomba kwa adabu ya kwetu mbele ya watu wasioijua adabu hiyo.

Kama hali ni mbaya leo

Kama unasoma haya huku unafikiria kufa au kujidhuru, acha kusoma uchukue simu. Piga 111, kisha uchague 2. Utaunganishwa na watu wa afya ya akili wa eneo lako, mchana na usiku. Kama maisha yako yako hatarini sasa hivi, piga 999, au nenda hospitali yenye idara ya dharura, wanayoiita A&E. Kiingereza kikikutoroka, na hofu hukitorosha hata kwa waliosomea, sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter", kisha tulia usikate simu wakati wanamtafuta mkalimani. Ukitaka mtu wa kukusikiliza tu, na Kiingereza chako kinatosha, Samaritans wanapokea simu saa 24 kwa namba 116 123, bure, wala hawakulazimishi kutaja jina. Kama mnalala wawili watatu chumba kimoja na huwezi kuongea, tuma neno SHOUT kwenda 85258, mtaandikiana kimyakimya.

Na mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe kimwili. Aliye Tabora au Kitale anakupenda, lakini hawezi kukaa nawe usiku wa leo.

Jiandikishe kabla hujazidiwa

Mlango wa karibu kila kitu ni daktari wa mtaa, ambaye kila mtu huku humwita GP. Huduma yake ni bure kwa yeyote aliyeko England, awe na viza ya aina gani au asiwe nayo. Mapokezi wanaweza kukuomba pasipoti na barua yenye anwani yako. Kuomba wanaruhusiwa, kukukatalia kwa sababu huna, hapana. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, imechapisha hata kadi ndogo inayosema kwamba una haki ya kuandikishwa, na kwamba huhitaji kitambulisho wala makazi ya kudumu. Mashirika yanayosaidia wakimbizi na wahamiaji huwa nayo. Dada mmoja ninayemfahamu alirudishwa mara mbili kwenye zahanati ya mtaani kwake. Mara ya tatu aliiweka ile kadi mezani bila kusema neno, akapewa fomu.

Usingoje uugue. Siku hiyo hiyo ya kujiandikisha, waambie waandike katika faili lako kwamba lugha yako ni Kiswahili na kwamba unataka mkalimani. Kama unatoka Bukavu au Lubumbashi, sema Kiswahili cha Kongo, maana mtu wa Unguja anaweza kukukalimania kwa nia njema kabisa na nusu ya maneno yako yasifike. Mkalimani halipiwi na mgonjwa. Ukiwa naye, omba miadi ya muda mara mbili, kwa sababu kila neno litasemwa mara mbili.

Usimtumie mtoto wako. Nalisema kwa uchungu kwa sababu tunalifanya sana: mtoto wa miaka 11 ndiye anayejua Kiingereza nyumbani, basi anakaa kati ya mama yake na daktari. Mama anameza yale mazito ili mwanawe asiyabebe, na mtoto anayabeba hata hivyo kwa kuangalia uso wa mama. Mume naye hafai, hasa pale yeye mwenyewe anapokuwa sehemu ya kinachouma.

Wengi tunaogopa kwamba mkalimani ni mtu wa jumuiya, na Jumapili habari zitakuwa zimefika kanisani. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Sisi Waswahili wa miji ya huku tunajuana. Mkalimani anafungwa na kanuni za siri kama muuguzi, lakini huna haja ya kutegemea kanuni peke yake. Omba akukalimanie kwa simu, ambako mara nyingi mtu huyo yuko mji mwingine kabisa. Omba mwanamke kama wewe ni mwanamke na unataka hivyo. Ukiisikia sauti unayoijua, una haki ya kusema huyu simtaki, aitwe mwingine.

Maneno yanayopotea njiani

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wengi wakipotelea.

Sisi tunasema "nina mawazo", na kila mtu wa kwetu anaelewa kwamba mtu huyo amelemewa, hali, halali. Yakigeuzwa neno kwa neno, daktari anasikia kwamba una fikra. Kila mtu ana fikra. Tunasema "nina presha" tukimaanisha shinikizo la damu. Mwingereza anaweza kufikiri kazi imekuwa nyingi tu. Tunasema "nimechanganyikiwa" tukimaanisha mambo yametuzidi, na daktari anaweza kuanza kukuuliza leo ni siku gani na mwaka gani, akidhani kumbukumbu ndiyo imeharibika.

La hatari zaidi ni "kusikia". Kwetu mtu anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia uchungu. Ukisema "nasikia vitu vinatembea kichwani", mkalimani asiye makini anaweza kumweleza daktari kwamba unasikia sauti kichwani, na hayo ni maradhi mengine kabisa. Sema unahisi. Kama kweli unasikia sauti za watu wasioonekana, liseme nalo, ila liseme peke yake na lieleweke.

Saa pia. Kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena ni dalili ambayo daktari anaitafuta hasa. Ikitafsiriwa kuwa saa tisa ya Waingereza, anaona mtu aliyesinzia mapema akaamka mapema, hakuna shida. Taja saa kwa kuhesabu kutoka usiku wa manane: "naamka masaa matatu baada ya usiku wa manane".

Kwa hiyo andika karatasi, kwa Kiswahili, jioni ya kabla ya miadi. Anza na ila yenyewe: "Ila sina hamu ya kuishi kama zamani." "Ila naogopa kutoka nje." Chini yake weka usingizi: masaa mangapi, unaamka mara ngapi. Weka chakula, na kama nguo zimekulegea. Weka kazi au masomo: siku ngapi umekosa, makosa gani umefanya ambayo si kawaida yako. Weka tarehe ilipoanza, hata kwa kukisia, "tangu Novemba". Kama ulishapata hali hii nyumbani, taja ilitibiwa vipi, iwe kwa dawa, kwa maombi au kwa mganga. Kama kifo kinakujia akilini, kiandike. Maumivu ya mwili yaweke pia, kwa sababu ni ya kweli na yanahitaji kupimwa, lakini yakae mwisho wa karatasi.

Marehemu anayekujia ndotoni, jini, jicho la mtu: usiyafiche kwa kuona aibu, wala usiyatupe mezani bila maelezo. Mwambie daktari kwetu watu huyaelewaje, na wewe mwenyewe unayaaminije. Mwanamke aliyefiwa na mama yake Kigoma na kushindwa kwenda kumzika, akimwona mama usiku, hana wazimu. Daktari atalijua hilo ukimsimulia na msiba wenyewe.

Tiba ya maongezi bila kupitia kwa daktari

Wageni wengi hawajui kwamba England unaweza kujipeleka mwenyewe kwenye tiba ya maongezi ya serikali. Inaitwa NHS Talking Therapies, na ni kwa ajili ya sonona na wasiwasi: moyo kwenda mbio, hofu isiyoisha, kukata tamaa, kumbukumbu za mabaya zinazorudi zenyewe. Unatafuta ya eneo lako mtandaoni au unawapigia simu. Jambo linalotakiwa ni uwe umeandikishwa kwa GP. Si huduma ya dharura. Dharura ni zile namba za juu.

Watakupigia simu kwanza, mazungumzo ya nusu saa au zaidi. Utajaza fomu mbili, moja ya maswali 9 kuhusu sonona na nyingine ya maswali 7 kuhusu wasiwasi, zote zikiuliza juu ya wiki mbili zilizopita. Kila swali unalipa alama 0 mpaka 3, ambapo 3 ni karibu kila siku. Sisi tuna tabia ya kuweka 1 panapostahili 3, kwa kuona kwamba kulalamika ni udhaifu, au kwamba wapo wanaoteseka kuliko sisi. Alama hizo zinawasaidia kuamua upewe tiba ya kiwango gani. Ukijipunguzia, unapewa kidogo. Swali la tisa linauliza kama umewaza afadhali ufe au kujidhuru; ukijibu ndiyo, watakuuliza zaidi, kama una mpango na nani yuko nawe, ili wajue namna ya kukulinda.

Lengo la NHS ni kwamba watu 75 katika kila 100 waanze tiba ndani ya wiki 6, na 95 ndani ya wiki 18. Kuanza, hata hivyo, ni kikao cha kwanza, na cha pili kinaweza kuchelewa sana. Ukiona kimya, piga simu uulize. Anayeuliza hafanyi utovu wa adabu huku. Omba mkalimani awe yuleyule katika vikao vyote, kwa sababu kusimulia upya mbele ya sauti mpya kila wiki kunachosha kuliko ugonjwa.

Anayetibu kwa njia hii huzungumza zaidi juu ya wiki hii kuliko utoto wako, na atakupa kazi za kufanya nyumbani: kuandika hofu zako, kutoka matembezini, kulala kwa ratiba. Wenzetu wengi huacha kikao cha pili wakisema "anataka niandike tu, hanishauri". Kwetu mshauri ni mtu mzima anayekuambia la kufanya. Huyu hafanyi hivyo, na ndivyo tiba yenyewe ilivyo. Mpe vikao vinne kabla hujamhukumu. Akikuumiza au akikudharau, hapo omba mwingine mara moja.

Mwanafunzi wa chuo kikuu ana mlango wa ziada: ofisi ya ustawi ya chuo chake, bure, na mara nyingi ya haraka kuliko NHS. Ukitaka kulipia mwenyewe, jihadhari, kwa sababu Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita mshauri. Neno hilo halilindwi na sheria. Tafuta aliye kwenye orodha ya BACP, chama cha washauri, au mwanasaikolojia aliyesajiliwa na HCPC, baraza la wataalamu wa afya. Wanaotaka mtaalamu mwenye asili ya Afrika huanza na mtandao uitwao BAATN.

Viza, bosi na siri

Aliyelipa ada ya afya wakati wa kuomba viza, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, au 776 kwa mwanafunzi, ameshailipia huduma hii. Usione kama unaomba sadaka. Mwombaji hifadhi na mkimbizi hawalipishwi. Asiye na karatasi anatibiwa bure kwa GP na katika idara ya dharura, ila akipelekwa kwa mabingwa wa hospitali anaweza kutozwa, na deni la kuanzia pauni 500 lisilolipwa linaweza kuarifiwa Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji. Huyo apate ushauri wa shirika la wahamiaji mapema. Matibabu yanayotokana na mateso, ukatili wa nyumbani, ukatili wa kingono au ukeketaji hayatozwi hata kwake, mradi hakusafiri kuja Uingereza kwa ajili ya kutibiwa.

Viza hainyimwi kwa sababu ulitibiwa sonona. Daktari hampigii bosi wako. Kwa kawaida siri yako inaweza kuvunjwa pale tu maisha, yako au ya mwingine, yanapokuwa hatarini, au mahakama inapoamuru. Ukishindwa kwenda kazini, siku 7 za kwanza unajieleza mwenyewe. Zaidi ya hapo daktari anakuandikia cheti. Kwa walio kwenye viza ya kutunza wazee najua hofu ilivyo, maana anayekulipa ndiye anayedhamini kukaa kwako. Mwajiri akikutisha kwa udhamini kwa sababu umeugua, piga Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, 0300 123 1100, ushauri wao ni bure, kabla hujaandika barua yoyote ya kuacha kazi.

Anayesubiri uamuzi wa hifadhi ana namba ya shirika la Migrant Help, 0808 8010 503, saa zote, na wakalimani wapo. Kama uliteswa, iwe gerezani, porini au mikononi mwa wanajeshi, kuna shirika lililojengwa kwa ajili hiyo peke yake, Freedom from Torture, lililoanzishwa London mwaka 1985. Daktari au wakili wako anaweza kukuandikia rufaa. Mwambie pia GP kilichotokea, hata kwa sentensi mbili, mapema. Faili lake linaweza kuja kusimama upande wako miaka ikipita na kumbukumbu ikichoka.

Kuna jambo zito ambalo sitaki ulisikie kwa uvumi. Takwimu za NHS za kila mwaka zinaonesha kwamba watu weusi huzuiwa hospitalini kwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 zaidi ya mara tatu kuliko weupe. Wengine, wakisikia hivyo, hukimbia kabisa. Mimi naona ni sababu ya kwenda mapema, ungali unatembea kwa miguu yako na unaongea kwa sauti yako, kabla polisi hawajaitwa na majirani. Na kama ndugu yako amezuiwa, ajue kwamba ana haki ya kukata rufaa, ana haki ya mtetezi asiye mfanyakazi wa hospitali, na ana haki ya mkalimani.

Dawa na maombi

Daktari akikupa dawa ya sonona, ipe muda. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wiki ya kwanza unaweza kuona kichefuchefu au wasiwasi kuzidi. Ukiona mawazo ya kifo yanaongezeka, rudi haraka. Usiiache ghafla ukipata nafuu. Hupunguzwa polepole kwa ratiba ya daktari. Usimgawie mwenzako wa chumbani. Mwaka 2025 kila dawa iliyoandikwa ilikuwa pauni 9.90 dukani. Mwenye kipato kidogo aulize cheti cha HC2, kinachomwondolea gharama hiyo.

Kanisani na msikitini nenda. Kwa wengi wetu hapo ndipo mahali pekee huku ambapo mtu anatuita kwa jina letu lote. Mchungaji au shehe mwema atakuombea na kukusindikiza kwa daktari. Anayekuambia umeshapona, tupa vidonge, mshukuru kwa maombi yake na uendelee kumeza.

Desemba London jua huzama kabla ya saa kumi jioni kwa saa zetu, na mwenye shifti za usiku anaweza kumaliza wiki bila kuliona. Toka mchana hata robo saa. Serikali huwashauri wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza vitamini D, mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Inauzwa rahisi madukani. Haitibu sonona, lakini mwili uliopungukiwa haukusaidii kupigana.

Siku ya miadi fika mapema, karatasi mkononi. Ukiulizwa hali, salimia kwa neno moja kisha soma mstari wa kwanza. Machozi yakija yaache, daktari ameyaona mengi. Ukitoka chumbani usipitilize mlangoni. Simama mapokezi, weka miadi ya pili, na uwakumbushe mkalimani.